Mteja wa zamani akigundua mgeni analipa nusu

Swali la msomaji wa Mwanza:

Mimi na wenzangu watatu tunatengeneza programu ya mauzo na stoo kwa maduka ya dawa hapa Mwanza na mikoa ya jirani. Tunahudumia maduka 180. Wenye maduka 110 ya mwanzo walinunua kwa malipo ya mara moja, shilingi 700,000, na kwenye risiti zao tuliandika "matumizi ya kudumu". Maduka 70 yaliyofuata yanalipa 35,000 kwa mwezi. Seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayotunza taarifa za maduka, tunailipia dola 300 kila mwezi, na dola imetuumiza. Mshindani naye kaingia na bei ya chini, kwa hiyo wiki tatu zilizopita tukaweka ofa: anayejiunga sasa analipa 18,000 kwa mwezi. Hatukusema itadumu hadi lini. Wameingia tisa. Kuna mama mmoja wa Sengerema ana maduka mawili, kila moja analilipia, tuko naye tangu 2020 na hajawahi kuchelewa hata mara moja. Ofa ile kaisikia kwa jirani yake. Alinipigia akaniuliza, "Kwa hiyo kosa langu ni kuwahi?" Sikuwa na jibu. Mpango wetu ni kuwahamishia wote, pamoja na wale 110, kwenye 40,000 kwa mwezi kuanzia mwezi ujao. Tufanyeje wasituhame?

Jibu:

Dada yangu, naanza na yule mama wa Sengerema, maana swali lake limebeba maswali yako yote. Hakulalamika kwamba 35,000 ni nyingi. Ameilipa miaka yote hii, na hadi jana yake alikuwa akiilipa kwa moyo mweupe. Programu haikubadilika siku ile, wala ankara yake. Kilichobadilika ni kwamba amejua kuna mtu aliyekuja juzi, ambaye hata ninyi hamjui kama atadumu, na kwa kitu kile kile anatozwa nusu yake. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yule mama ndiye mbachao wenu, na ofa yenu imemwambia kwa tarakimu kwamba mmemwacha.

Nimeuza na kuhudumia programu za maduka kwa muda mrefu, na katika hili nina msimamo ambao siyumbi: mteja wa zamani asilipe zaidi ya mgeni kwa huduma ile ile, hata shilingi moja. Kila nitakachokushauri kinatoka hapo. Najua wauzaji wengi watakuambia ofa ya mgeni ni jambo la kawaida, kampuni za simu zinafanya, ving'amuzi vinafanya. Ni kweli. Lakini kampuni ya simu yenye wateja mamilioni haimjui mteja kwa jina. Ninyi mnawajua wote, na wao wanajuana. Wenye maduka ya dawa wananunua mzigo kwa wauzaji wa jumla wale wale, wanakaa kwenye makundi yale yale ya WhatsApp, na wanaulizana kila kitu. Kwenu siri ya bei haiwezi kumaliza mwezi.

Sasa tuiangalie hiyo sababu ya dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kwenye shilingi 2,300, kwa hiyo seva yenu iligharimu kama 690,000 kwa mwezi. Mwaka uliofuata ilipofika 2,700, seva ikawa 810,000. Ongezeko ni 120,000. Ligawe kwa maduka 180: kila duka shilingi 667 hivi. Hata ukiwabebesha wale 70 peke yao, ni kama 1,714 kwa kila mmoja. Ukimwambia mteja "dola imepanda, ongeza 5,000", na mwenzake ambaye hakuwa akilipa kitu kila mwezi ukamwambia kwa sababu hiyo hiyo atoe 40,000, unamwambia jambo lisilo kweli. Na hawa si watu wa kudanganywa kwa dola. Dawa nyingi wanazouza zinatoka India. Kila dola inapotikisika wanaiona kwenye bei ya boksi. Watakumbuka pia kwamba mwishoni mwa 2024 dola ilishuka hadi kwenye 2,400. Mliwapunguzia? Kama hamkuwapunguzia iliposhuka, msiitaje inapopanda.

Nakuambia hivi kwa sababu watu wanahesabu haki ya bei kwa namna yao, na jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1986 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti uliofanywa kwa kuwapigia simu watu wa Toronto na Vancouver, Kanada. Waliwauliza: duka la vifaa limekuwa likiuza sepetu za kuondolea theluji kwa dola 15, asubuhi baada ya theluji kubwa kuanguka, likapandisha hadi dola 20. Ni haki? Watu 82 kati ya kila 100 walisema si haki. Lakini walipoulizwa kuhusu mfanyabiashara ambaye gharama zake mwenyewe zimepanda na akaihamishia nyongeza hiyo kwenye bei, wengi walikubali. Maana yake ni kwamba mteja anakubali wewe upate faida yako uliyoizoea, na gharama zikikubana yuko tayari kubeba nawe. Asichokubali ni wewe kumkamua kwa sababu tu umemkuta mahali ambapo hana pa kukwepea. Na mtu mwenye kumbukumbu za mauzo za miaka mitano ndani ya programu yako hana pa kukwepea.

Kwa hiyo tafuteni gharama yenu ya kweli. Nadhani naijua: ni ninyi wanne. Ni simu ya saa tatu usiku mtu anapofunga hesabu na fedha ya droo haifanani na ya kwenye kompyuta. Ni kijana wenu anayepanda basi kwenda Geita kwa sababu printa ya risiti imegoma. Wekeni daftari mezani mwezi mmoja, kila simu iandikwe: duka gani, limejiunga lini, tatizo gani, mmetumia dakika ngapi. Kwangu, mara zote nilizofanya hesabu hiyo, wingi wa simu ulitoka kwa watu wa miezi mitatu ya kwanza. Mteja wa miaka mitano anajua karatasi ikikwama afungue wapi. Akiajiri msichana mpya wa kaunta anamfundisha mwenyewe, wala hamsikii. Yaani mama wa Sengerema, mnayemtoza zaidi, huenda ndiye anayewagharimu kidogo kuliko wote.

Kuna kampuni iliyolifahamu hilo kwa njia ngumu. JetBrains, iliyoanzia Prague mwaka 2000, inatengeneza zana za waandishi wa programu. Zamani mtu alinunua leseni ikawa yake. Septemba 2015 wakatangaza kwamba wanahamia kwenye malipo ya kila mwezi au mwaka, na atakayeacha kulipa, zana inazimika. Watumiaji wao waliojenga kazi zao juu ya zana zile walikasirika vibaya sana. JetBrains hawakujibu kwa ukali. Ndani ya wiki chache wakarudi na mpango mwingine. Aliyelipa miezi 12 mfululizo atabaki na toleo la kufanyia kazi hata akiacha kulipa kesho yake. Na bei yenyewe ikapangwa ishuke kadiri mtu anavyokaa: mwaka wa pili asilimia 20 chini ya mwaka wa kwanza, wa tatu na kuendelea asilimia 40. Mtazame huo mpango kwa makini, dada yangu. Umeelekea kinyume kabisa na ofa yenu. Katika mpango ule, aliyelipa kidogo ni yule aliyekaa.

Sitaki mniige tarakimu zao. Ninyi hamna wateja wa dunia nzima. Nataka mwone kwamba inawezekana kuhama kutoka malipo ya mara moja bila kumpokonya mtu alichonunua. Hapo ndipo nahofia zaidi mpango wenu, kwa wale 110.

Acha nikusimulie jambo ambalo sijawahi kulisahau. Mwaka 2014 niliajiriwa na kampuni ndogo iliyouza programu ya mauzo kwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Mimi ndiye niliyekuwa nazunguka, naweka programu, nafundisha, nakata risiti. Miaka mitano baadaye wakubwa wangu wakaamua kila aliyenunua aanze kulipa kwa mwezi, na kwamba toleo jipya tutakaloweka litajifunga lenyewe kwa asiyelipa. Nikatumwa Tanga. Kuna mzee mmoja pale mjini, duka lake liko karibu na barabara ya kwenda stendi, mabati yameegeshwa nje, misumari kwenye ndoo za rangi. Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akainama chini ya kaunta akatoa faili la kadibodi lililochakaa pembeni. Risiti zake zote zilikuwa humo, zimebanwa kwa pini za kushonea, kila mwaka na pini yake. Akachomoa moja akaiweka mbele yangu. Wino wa bluu ulikuwa umeanza kufifia lakini maneno yalisomeka: "malipo kamili, matumizi ya maisha". Mwandiko ulikuwa wangu. Akaweka kidole juu ya neno la mwisho, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Maisha ya nani, mwanangu? Yangu au ya kampuni?"

Sikuweka toleo jipya siku ile. Nilirudi ofisini nikaeleza, nikaambiwa biashara haiendeshwi kwa huruma. Mwezi uliofuata mwenzangu alitumwa, akaliweka, na likajifunga. Mzee yule hakugombana na mtu. Alirudi kwenye kauntabuku. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akituletea wateja mtaa mzima, kila mwenye duka jipya alikuwa anamuuliza yeye kwanza. Hatukupata tena mteja mtaa ule. Wanne waliokuwepo waliondoka kabla ya mwaka kuisha, na wawili kati yao walikuwa wanalipa kila mwezi bila shida. Waliona alivyofanyiwa mwenzao, wakajua zamu yao itafika.

Hiki si kisa cha kampuni ndogo tu. Tarehe 12 Septemba 2023, Unity, kampuni ambayo programu yake inatumiwa na watengeneza michezo ya simu na kompyuta duniani kote, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2024 itatoza ada kila mchezo unapowekwa kwenye kifaa, hadi senti 20 za dola kwa mara moja, kwa michezo iliyopita kiwango fulani cha mapato na idadi. Na ada ingeigusa hata michezo iliyokwisha kutoka, ya watu waliojenga kwa masharti ya zamani. Kulizuka hasira ambayo sijaona mfano wake. Siku kumi baadaye wakalegeza masharti. Oktoba mkurugenzi wao mkuu, John Riccitiello, akaondoka. Septemba 2024 wakaifuta ada yenyewe kwa michezo yote. Lakini kwa mwaka mzima huo watengenezaji waliokuwa hawana hata wazo la kuhama walikuwa wameshajifunza zana nyingine. Watu wale walikuwa wamezoea kulipa. Kilichowaudhi ni kwamba sheria ya mchezo imebadilishwa wakati wao wameshacheza nusu yake.

Basi kwa wale 110: "matumizi ya kudumu" yabaki ya kudumu. Ahadi ni deni, na hii mmeiandika kwa mkono wenu na kuipokelea fedha. Ila kaeni mjiulize mliuza nini hasa. Mliuza programu ya wakati ule, itumike kwenye kompyuta ya duka bila ukomo. Je, mliuza na nakala ya kila usiku kwenye seva? Mliuza matoleo mapya milele? Mliuza mtu wa kupokea simu saa tatu usiku? Kama risiti au mkataba unasema ndiyo, basi ni ndiyo, mtaubeba huo mzigo. Kama haukusema, hizo ni huduma zinazoendelea, na huduma inayoendelea ina haki ya kulipiwa inavyoendelea. Waambieni hivyo. Anayetaka programu yake ibaki kama alivyoinunua, ibaki, ifanye kazi, itoe risiti, msiiguse wala msiifanye iwe nzito makusudi. Anayetaka nakala kwenye seva, matoleo mapya na simu, alipe 15,000 kwa mwezi, chini ya wengine kwa sababu programu yenyewe alishailipia. Wakikubali nusu yao tu, maduka 55, hiyo ni 825,000 kila mwezi. Seva yenu hata dola ikiwa 2,700 ni 810,000. Umeona? Seva imejilipa, na hakuna aliyevunjiwa ahadi.

Na wapo ambao hawatalipa. Waacheni kwa amani. Mwenye duka la dawa muhimu huko kijijini, anayefungua saa mbili na kufunga magharibi, huenda nakala ya kwenye seva kwake ni anasa. Siku akihitaji atakuja, ilimradi hamjamfukuza.

Nije kwenye hii ofa ya 18,000, maana ndiyo jeraha bichi. Kuna ushawishi mmoja ambao utausikia ndani ya ofisi yenu: tuishushe bei ya wote hadi 18,000, tumalize kelele. Msifanye hivyo. Maduka 70 kwa 35,000 ni 2,450,000. Kwa 18,000 ni 1,260,000. Mtapoteza 1,190,000 kila mwezi, na kampuni itakufa huku wateja wakiipenda. Bei ya haki inatakiwa pia iwalishe ninyi, kwa sababu mteja anayenunua programu ya miaka kumi ananunua na uhai wenu wa miaka kumi.

Wala msimfuate mshindani bei kwa bei. Anaweza kuwa na mtaji wa kula hasara mwaka mzima. Ninyi mna kitu ambacho hawezi kukinunua: watu ambao wameshawaamini wakiwa hawajui kama mtafika mwakani.

Nashauri hivi. Ofa ifungwe leo kwa wanaokuja. Wale tisa walioingia wasidhurike: wapeni miezi miwili kwa 18,000, huu walioanza na unaofuata, kisha waingie kwenye 35,000, bei iliyokuwepo walipojiunga. Waambieni sasa hivi, siyo siku ya mwisho. Kwa hiyo kila mmoja atakuwa amepunguziwa 34,000 kwa jumla. Kwa wale 70, toeni mwezi mmoja bure mwaka huu. Ni 35,000, karibu sawasawa na alichopunguziwa mgeni, na imezidi kidogo upande wa mwenyeji, kama inavyotakiwa. Msiutoe kwa wote mwezi mmoja. Wapangeni kwa mwezi ambao kila duka lilijiunga, fedha isikauke kwa mpigo. Gharama yake ni 2,450,000 kwa mwaka. Najua itauma. Lakini mteja mmoja akiondoka mnapoteza 420,000 kwa mwaka. Mwezi huo wa bure ni sawa na kupoteza wateja wasiofika sita. Mkiendelea na mpango wenu wa sasa nina hakika mtapoteza zaidi ya sita kabla ya sikukuu.

Halafu 40,000 iwe bei ya wanaojiunga kuanzia sasa, na wale 70 wabaki kwenye 35,000 kwa miezi 24, kwa maandishi. 37signals ya Chicago, wenye programu ya Basecamp, wamefanya jambo linalofanana na hili kwa miaka mingi: walipobadilisha bei, mteja wa zamani aliachwa kwenye mpango wake wa zamani aendelee nao. Ni kampuni ndogo kwa idadi ya watu, na haijafa kwa ajili hiyo. Miezi 24 ikiisha, mkihitaji kupandisha, mpandishe kwa kutoa taarifa siku 90 kabla, na mwenyeji asimpite mgeni. Hilo la mwisho mliandike kwenye mkataba. Uingereza ilibidi mamlaka ya usimamizi iingilie kati: kampuni za bima za magari na nyumba zilikuwa zikimvuta mteja kwa bei ya chini, kisha zinampandishia kidogo kidogo kila mwaka kwa kuwa hahami, na waliokaa zaidi ndio waliokamuliwa zaidi. Tangu tarehe 1 Januari 2022 msimamizi wa masoko ya fedha kule amekataza bei ya kuhuisha bima izidi ile ambayo angepewa mteja mpya. Ninyi hamhitaji kusubiri sheria.

Utaniuliza, mbona Kariakoo watu wawili wananunua kitenge kimoja kwa bei mbili na hakuna anayenuna? Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu sisi ni watu wa kuongea bei. Pale kila mmoja alipewa nafasi ya kuongea. Aliyelipa zaidi anajua alikubali mapema. Alikuwa na haraka, au hakutaka maneno mengi. Maelewano yalikuwepo. Mama wa Sengerema hakuitwa kwenye maelewano. Ankara inamfikia kila mwezi imeshaandikwa, analipa kwa Lipa Namba, basi. Mtu asiyepewa nafasi ya kuongea bei amekuachia wewe uongee kwa niaba yake. Ukipanga bei, mweke akilini ameketi benchi moja na yule mgeni, uwasomee wote wawili ankara zao kwa sauti. Ukiona kuna mahali sauti yako itasita, hapo parekebishe.

Hiyo haina maana kila duka lilipe sawa. Duka la kaunta moja kule Ukerewe na famasia ya kaunta tatu katikati ya jiji hawawezi kulipa sawa, na wakilipa sawa ndiyo dhuluma. Ila kigezo kiwe cha kuonekana kwa macho, kama idadi ya kaunta, na kibandikwe mahali kila mtu akione. Msitoze kwa kuangalia gari alilokuja nalo mtu.

Jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu wengi wanalipuuza: mteja apate njia ya kutoa taarifa zake zote, mauzo, stoo, madeni, zikatoka kwenye faili la Excel, bila malipo na bila kuwapigia simu. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la yule mama sasa liko mikononi mwenu. Akijua anaweza kulichukua siku yoyote, ataacha kuwaogopa. Nimeona wateja waliobaki miaka kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Na anayeondoka mkimkabidhi daftari lake lote, mkamtakia heri, huyo anaweza kurudi.

Ujumbe wa kuwatumia wale 70 uwe mfupi na useme kosa kwa jina lake. Mimi ningeuandika hivi:

"Ndugu mteja, wiki tatu zilizopita tuliweka ofa ya 18,000 kwa wanaojiunga. Tulikosea, kwa sababu hatukuwafikiria ninyi mliotutangulia. Ofa tumeifunga. Wewe utaendelea kulipa 35,000 kwa miezi 24 ijayo, na mwezi uliojiunga ukifika tena, mwezi huo mmoja hutalipa kitu. Wanaojiunga kuanzia sasa watalipa 40,000, kwa sababu kazi kubwa ya kuhudumia simu na kufundisha iko kwao. Hutalipa zaidi ya mteja mpya kwa huduma ile ile. Ukiwa na swali nipigie mimi mwenyewe." Hapo weka jina lako na namba yako, isiwe ya ofisi.

Msiandike "kutokana na hali ya uchumi". Msiandike "ili kuboresha huduma" kama hakuna kilichoboreshwa. Wateja wenu wameshayasoma maneno hayo kwa kila aliyewahi kuwapandishia kitu.

Na kabla ujumbe huo haujatoka, nenda Sengerema. Usipige simu, nenda. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 hakuna tena kusubiri kivuko. Ukitoka Mwanza asubuhi utamkuta kabla wateja hawajajaa. Mwambie alichouliza kilikuwa cha haki na kwamba hukuwa na jibu siku ile. Msomee ujumbe wenyewe umwulize kama kuna neno halijakaa vizuri, ulibadilishe kabla hujautuma kwa wengine. Kisha mwulize kuhusu hayo maduka yake mawili, maana analipa 70,000 kwa mwezi wakati mwenye akaunti ni mmoja, simu ni moja, na anayewafundisha wafanyakazi wa maduka yote mawili ni yeye. Mimi duka la pili ningelipunguza. Lakini mwache kwanza aseme yeye.